Ndege ya Viti Viwili

Harufu ilinikuta saluni, Doornfontein hapa Johannesburg, mchana kweupe, mkono wa mteja ukiwa mkononi mwangu. Mtu alikuwa amefungua chupa ya rangi ya kucha karibu na feni, na ile harufu kali, tamu, kama ndizi iliyoiva kupita kiasi ikamwagiwa petroli, ikanipiga puani wakati nimebana simu kwa bega, baba wa mtoto wangu akinieleza mipango yake kutoka Kanada.

"Njoo wewe kwanza," alisema. "Mtoto abaki na mama yako. Miezi michache tu, tukishajipanga tunamchukua. Ana miaka sita. Watoto wa umri huo husahau upesi."

Nilikata simu. Mteja akaniuliza kama nalia, nikamwambia ni ile rangi. Haikuwa rangi. Nilikuwa na hasira ya kung'oa sinki ukutani. Nikamwandikia ujumbe mmoja: tunakuja wawili au hatuji. Hajajibu mpaka leo, na asipojibu ni sawa vilevile. Lakini najua mko wengi wa rika langu, mliolelewa hapa Joburg na mama waliokuja kwa malori, ambao leo mnaambiwa maneno hayohayo na watu wenye kompyuta na mikataba ya kazi. Kwa hiyo nataka niwaeleze mtoto mdogo husahau nini. Mimi nilikuwa na miaka saba. Ile harufu niliijua kabla sijajua kwamba watu hupaka kucha rangi. Niliijua kwenye bawa la ndege.

Mama alikuwa fundi cherehani Malvern, kwenye Jules Street, chini ya kibaraza cha duka la magodoro. Mwenye duka alimruhusu kuweka cherehani ya miguu pale kwa sharti la kufagia mbele ya mlango kila asubuhi. Alijua Kiswahili cha Bukavu na Kifaransa cha masista waliomfundisha kushona, na Kiingereza chake kiliishia kwenye "hello" na "tomorrow". Kiingereza kilikuwa changu. Shule ikifunga nilikuwa nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando yake, na mteja akija mimi ndiye nilikuwa mdomo wa mama na masikio yake. Mliolelewa hivyo mnaijua kazi hiyo. Unajifunza mapema kwamba watu wazima wanaogopa, kwa sababu hofu yao inapitia kinywani mwako.

Siku moja akaja mzungu mzee, shingo nyekundu kama nyanya, mikono inatetemeka, amebeba turubai lililochanika. Tulimwita Mzee Kolin. Turubai lilikuwa nene, cherehani ikalikataa, mama akalishona kwa mkono, polepole, akipitisha uzi kwenye kipande cha nta kwanza. Yule mzee hakuondoka. Alisimama akitazama sindano kama mtu anayetazama mpira. Baada ya siku kadhaa akarudi na mikono mitupu.

"Muulize mama yako kama anaweza kunishonea bawa," akaniambia.

Nikamwambia mama.

"Bawa la nini? La kuku?"

"La ndege, mama."

"Ndege gani? Avion?"

"Ndiyo. Ya kuruka."

Mama akakata uzi kwa meno. "Mwambie mimi nashona nguo za watu. Sishoni vitu vya kuanguka."

Nilitafsiri kama alivyosema. Mzee alicheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza. "Mwambie mimi ndiye nitakayekaa ndani yake," akasema.

Mama alipolisikia hilo alimtazama kwa mara ya kwanza. "Bon," akasema. "Huyu ama ana akili sana, ama hana kabisa. Mwulize ni wapi."

Palikuwa kwenye uwanja mdogo wa ndege upande wa mashariki, mbele kidogo ya Germiston, banda la mabati lililojaa njiwa. Mdogo wangu Amani alikuwa mgongoni mwa mama, bado ananyonya. Katikati ya banda ndege ilikuwa imesimama uchi. Sijui neno jingine. Tumbo lake lilikuwa la bati, lakini mkia na sehemu ya nyuma ya mabawa vilivuliwa kitambaa, mbavu zinaonekana, nyembamba, zimepangwa kama za samaki aliyekwisha kuliwa. Mama aliweka mkono mdomoni.

"Kumbe ni kitambaa?" akaninong'oneza. "Watu wanapanda juu huko na kitambaa?"

Mzee Kolin alikuwa na furaha ya mtu aliyepata wa kumsimulia. Alisema ndege hiyo inaitwa Chipmunk, jina la mnyama mdogo wa jamii ya kindi mwenye mistari mgongoni. Waingereza waliitumia baada ya vita vile vikubwa kuwafundishia vijana wa jeshi, kabla hawajapewa ndege zenye bunduki. Hii haikuwahi kubeba bunduki. Yeye mwenyewe zamani alikuwa mwalimu ndani ya ndege kama hiyo. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na kila kiti kina usukani wake wa fimbo na pedali zake. Mwanafunzi hukaa mbele, mwalimu nyuma.

"Kwa nini mwanafunzi akae mbele?" nikauliza.

"Ili adhani yuko peke yake," akasema. "Asipodhani hivyo hajifunzi."

Kila tulipokwenda alinifundisha sifa zake, na mimi nilizishika kama aya za shule ya Jumapili. Mabawa, mita kumi na nusu kutoka ncha hadi ncha. Injini, silinda nne zimepangwa mstari vichwa chini, nguvu ya farasi mia na arobaini na tano. Mwendo, kilomita mia mbili ishirini na mbili kwa saa ikikazana. Uzito bila kitu, kilo mia sita na arobaini na kidogo. Ikishapakiwa isizidi mia tisa na hamsini hivi. Tangi likijaa inafika kilomita mia nne na kitu. Halafu akamaliza kama anavyomaliza mtu sala: "Watu, wawili."

Niliposikia hilo nikaanza kutuhesabu kwa vidole.

Sasa niwaambie kwa nini. Sisi hatukuzaliwa watoto wawili kwa mama, tulizaliwa watatu. Kwetu dada mkubwa anaitwa yaya, na mimi nina Yaya Neema. Tulipokimbia Bukavu tulishuka mpaka Uvira, na pale ziwani mwenye mtumbwi wa injini alitazama kundi letu akasema amebakiza nafasi ya watu wawili. Si watatu. Mama alikuwa na mimba ya Amani. Mimi nilikuwa na miaka minne na homa. Yaya Neema alikuwa na miaka minane na miguu yenye nguvu, na bibi alikuwa amekataa kuvuka maji kwa vyovyote. Mama akamwambia Neema, "Baki na bibi. Ninarudi sasa hivi." Nakumbuka sauti hiyo. Kati ya safari yote ile, maji, malori, Zambia, Zimbabwe, ninachokumbuka ni hayo maneno na kandambili za Neema, moja ya buluu, moja nyekundu.

Simlaumu mama. Nataka hilo lieleweke. Nyuma yake kulikuwa na watu wenye bunduki, mbele yake maji. Huyo wangu wa Kanada nyuma yake kuna nini? Kuna friji.

Lakini mtoto hapimi hivyo. Mimi mtoto nilikuwa nimejua jambo moja kwa uhakika: nafasi zikiwa chache, mama anapenda kwa kuchagua. Na mama alikuwa akisema kila siku, akikunja nguo, akipika ugali, "Siku Mungu akinipa usafiri nitamrudia Neema." Bibi alikuwa amesharudi naye Bukavu. Sasa Mungu alikuwa ameleta ndege, mlangoni kabisa, na mama alikuwa anaivika nguo kwa mikono yake mwenyewe. Nani ashone bawa kwa miezi halafu asipande? Kwa akili yangu ya miaka saba mambo yalikuwa wazi kama maji ya bomba. Ndege ya kwenda Bukavu. Watu wawili. Mama ni mmoja. Amani bado ananyonya. Basi.

Sikumwambia mtu. Niliendelea na kazi, na niseme kweli, kazi ile niliipenda. Mama alishona kitambaa cha kitani kama mfuko, tukakivika bawa kama unavyovika mto foronya. Kisha bawa likasimamishwa wima kwenye vigogo, mama upande mmoja, mimi upande wa pili, na baina yetu kitambaa kile cheupe. Mama alikuwa na sindano ndefu kama mkono wangu. Aliichoma kando ya ubavu, ncha ikatokea kwangu, mimi nikaivuta yote, nikairudisha kwake upande wa pili wa ubavu, naye akafunga fundo. Hatukuonana. Niliona kivuli chake tu, na ncha ya sindano ikitokea kama jino.

"Vuta."

"Nimevuta."

"Umelala?"

"Sijalala, mama."

"Basi vuta kama mtu aliyekula."

Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo, kwa sababu nilikuwa nimeacha kula. Nilikuwa nimefanya mpango. Kama uzito una mpaka, na kama mimi ni mwepesi sana, labda sitahesabiwa kama mtu. Labda nitahesabiwa kama mzigo. Ugali nilikuwa namwekea mbwa wa Gogo Thoko, bibi wa Kizulu aliyekuwa akikaa chumba cha mbele kwenye ua wetu. Mbwa akanenepa. Mama akanipa dawa ya minyoo. Nilipozidi kukonda akanipeleka kanisani kwetu mjini, ghorofa ya pili ya jengo lililokuwa zamani duka la samani, mchungaji akaniwekea mikono kichwani na kumwamuru pepo wa kukataa chakula atoke. Nililia kwa nguvu, wakasema ametoka. Nilikuwa nalia kwa sababu nimefunikwa na harufu ya mandazi ya mama wa kwaya na nilikuwa na njaa.

Nilijaribu njia ya Mzee Kolin pia. Alikuwa anapaka kile kitambaa dawa ya kukaza, na hapo ndipo ile harufu ilipoingia maishani mwangu. Dawa ikikauka kitambaa hujivuta chenyewe, makunyanzi yote yanatoweka, ukikipiga kwa kidole kinalia kama ngoma. Ilishika kwenye nywele zetu, kwenye blanketi, hata kwenye maziwa ya Amani nadhani.

"Mzee, inaweza kubeba watatu?" nilimwuliza.

"Wawili."

"Na kama mmoja ni mdogo?"

"Mdogo kama nani?"

"Kama mimi. Nikikaa chini ya miguu ya mtu."

Akaacha brashi. "Chini ya miguu kuna pedali, msichana wangu. Ukizibana ndege haigeuki. Ni wawili. Siku zote wawili."

"Na ikienda mbali? Mafuta yakiisha?"

"Unataka kwenda wapi wewe?"

Nilikuwa nimeshaona kwenye ramani ya darasani kwamba kilomita mia nne hazifiki hata mpakani, lakini hilo halikunituliza. Nilijua watu wetu. Wangeongeza mafuta kabla ya Musina pale mpakani, wangeongeza Harare, wangeuliza njia. Sisi tulikuja bila ramani.

Lerato, msichana wa jirani niliyekuwa nikicheza naye kamba, ndiye pekee niliyemdokezea, na si yote. Nilimwambia tu mama anashona ndege. Akawaita wenzake wote. "Njooni msikie! Mama wa huyu anashona ndege! Jumatatu sketi, Jumanne ndege!" Wakacheka, na mmoja akauliza kama ina zipu. "Mvua ikinyesha italoa," Lerato akasema, akitumia lile tusi la wageni, "makwerekwere mtaanguka na kanga zenu." Gogo Thoko akatoka na ufagio, wakatawanyika. Akaniketisha kwenye ngazi yake, akanipa mkate wenye siagi ya karanga, akaukalia mkono wangu nisimpe mbwa.

"Kula, mntanami, mwanangu. Una nini?"

"Gogo," nikamwuliza, "mama akisafiri, wewe utanipokea?"

"Anasafiri kwenda wapi?"

"Sijui. Mbali. Naweza kufagia. Naweza kupika ugali wa hapa."

Gogo aliegemeza ufagio ukutani. "Nitakupokea," akasema. Nilikula ule mkate wote. Nilikuwa nimekwisha kupata pa kuachwa, na mtu akishajua atakapoachwa anaweza walau kutafuna.

Dalili zikawa zinaongezeka. Mama alianza kuimba akikanyaga cherehani. Alijishonea kitenge kipya cha manjano, yeye ambaye hakuwahi kujishonea kitu tangu tufike. Aliwaambia wenzake wa kanisani, "Siku ikikamilika nitapanda, nione kwa macho yangu." Wakashangilia. Mimi nilikuwa chini ya meza na watoto wengine, nikaukumbatia mguu wa meza.

Mkaguzi wa ndege alikuja akagonga bawa kwa kidole, akavuta nyuzi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mzee Kolin akairusha peke yake kwanza, akarudi na machozi, akasema ni upepo. Kisha akaniambia, "Mwambie mama yako Jumamosi ni zamu yake. Avae vizuri. Atakaa kiti cha mbele."

Nilitafsiri. Kila neno lilikuwa kama jiwe mdomoni, lakini nilitafsiri. Mama alipiga vigelegele mpaka njiwa wakaruka.

Jumamosi palikuwa na anga safi lile la baridi la Joburg, lisilo na wingu hata la kuombea. Mama alivaa kitenge cha manjano na sweta la kijani. Ndege ilikuwa nje, imepakwa rangi, nzuri kuudhi. Mzee Kolin akamwonyesha pa kukanyaga kwenye bawa, ule utepe mweusi tu, si kwenye kitambaa, na mama akacheka, akasema, "Mwambie najua pa kukanyaga, mimi ndiye niliyeishona." Kisha akamfungua Amani mgongoni, akanikabidhi.

"Mshike mdogo wako," akasema. "Ninarudi sasa hivi."

Nilisimama na yule mtoto mzito mikononi, nikaona Mzee Kolin anaingia kiti cha nyuma, mama anainua mguu kuingia cha mbele, na hapo nikaelewa kwamba hesabu zangu zilikuwa mbaya kuliko nilivyodhani. Amani hakuwa wa pili. Tulikuwa tunaachwa wote.

Nilimweka Amani kwenye nyasi. Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka kitenge kilikuwa kwenye ngumi zangu na sauti iliyokuwa ikitoka haikuwa ya kwangu, ilikuwa ya mnyama.

"Weye mtoto! Una nini? Unanichania nguo!"

"Usiende!"

"Naenda wapi? Napanda juu, nashuka!"

"Ndivyo ulivyomwambia Yaya Neema."

Mama alisimama na mguu wake mmoja ndani ya ndege. Upepo ulikuwa unapiga lile bawa na lilikuwa likilia kidogo, kama ngoma iliyoguswa kwa bahati mbaya.

"Anasema nini?" Mzee Kolin akaniuliza kutoka nyuma. "Kuna nini?"

Ilikuwa kazi yangu kujibu. Sikujibu. Kwa mara ya kwanza niliacha watu wazima wawili waelewane wenyewe.

Mama alishuka. Akaketi kwenye nyasi na kitenge chake kipya, akamvuta Amani mapajani, akanivuta na mimi. Nikamwaga yote: Bukavu, kilo mia tisa na hamsini, mbwa wa Gogo, Musina, kulala chini ya pedali. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye ugali akafumba macho.

"Ulikonda kwa hilo?" akasema. "Nami nikakupa dawa ya minyoo. Yesu wangu."

Nilisubiri aniambie kwamba hataniacha kamwe. Ndivyo mama wengine wangesema. Mama yangu hakuwa na haki ya kusema hivyo na alijua. Alikuwa amesema mara moja kwamba atarudi, na miaka ilikuwa imepita. Akafuta pua yangu kwa kiganja, akasimama, akanisukuma kuelekea kwenye bawa.

"Panda weye."

"Mimi?"

"Weye. Mimi nimechoka kuwa mtu wa kuondoka. Leo mimi ndiye wa kubaki. Panda, uniache, tuone."

"Mama, sitaki."

"Hata mimi sikutaka," akasema. "Panda."

Mzee Kolin alileta mito miwili ili nione nje. Alinifunga mikanda, akanivika kofia yenye spika masikioni, akaniambia nisiguse kitu, akavuta kile kioo juu ya vichwa vyetu. Harufu ya dawa, ya ngozi ya zamani, ya petroli. Injini ikakohoa, ikashika. Tulipokimbia kwenye nyasi niligeuza shingo mpaka ikauma, na kelele ikabadilika, na ardhi ikatuachilia.

Watu huniuliza, wakisikia habari hii, kama niliona mji. Niliona. Nililiona bati la Malvern likimetameta, vilima vya manjano vya mchanga wa migodi, Jules Street imenyooka kama mstari wa rula. Lakini nilichotazama ni kile kitone cha manjano. Nilimwona mama akipungua. Akawa mama, akawa mtoto, akawa shanga. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba anayeondoka naye anaona. Nilikuwa nimedhani anayeondoka hugeuka, akatazama mbele, basi. Sasa nilikuwa juu na niliweza kuona jinsi mtu unayempenda anavyokuwa mdogo na wewe huna la kufanya.

Nilikuwa nalo la kufanya, au nilidhani. Fimbo ilikuwa kati ya magoti yangu. Niliikamata kwa mikono miwili, nikaivuta upande ule alipo mama, kwa nguvu zangu zote. Ilisogea kidogo, kisha ikarudi yenyewe, taratibu, ikaivunja nguvu yangu bila ukali. Kulikuwa na mikono mingine kwenye fimbo nyingine, nyuma yangu, mikubwa kuliko yangu. Nilivuta tena. Ikarudi tena.

"Iache, msichana wangu," sauti ikasema ndani ya kofia. "Tunageuka. Nami pia nataka kurudi."

Niliiacha. Niliweka viganja juu yake kidogo tu, nikahisi inavyokwenda yenyewe, kushoto, kulia, na nikamwaza mama kwenye ule mtumbwi wa Uvira, amenikumbatia na homa yangu, macho yakiwa kwenye zile kandambili za rangi mbili. Alikuwa ameshika fimbo, mama yangu. Ila si yeye aliyekuwa akiendesha.

Tulipogeuka shanga ikawa mtoto, mtoto akawa mtu, mtu akawa mama. Hakuwa amesogea. Tulishuka, tukadunda, tukadunda tena. Nilipofunguliwa mikanda nikateremka kwa ule utepe mweusi, nikamkuta amesimama palepale, Amani amelala begani, na nyasi zilizong'olewa zimejaa kwenye ngumi yake ya kulia.

"Umerudi," akasema, kama mtu anayelalamika.

"Nimerudi."

"Ulinitazama?"

"Muda wote."

"Hata mimi." Akafungua ngumi, akazitupa zile nyasi. Alipoambiwa apande yeye sasa, alisema ameshapanda kiasi cha kutosha, na mimi nikatafsiri hivyohivyo, na mzee hakucheka.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya kanisa tulikwenda kwenye kontena la simu za kulipia pale Jules Street, kama Jumapili zote mama alipopata uwezo. Utaratibu ulikuwa mmoja. Jirani wa Bukavu alipokea, akamwita bibi na Yaya Neema. Bibi alizungumza na mama. Neema alizungumza nami, na mimi tu. Tangu tuondoke hakuwahi kuzungumza na mama. Mama akichukua simu, upande wa pili Neema alimpa bibi, au aliiweka mezani, tukawa tunasikia kuku. Mama hakuwahi kumlazimisha. Alisimama kando yangu tu, sikio karibu na langu, akila makombo ya sauti.

Siku hiyo sikungoja salamu ziishe. "Yaya, nimepanda ndege!"

"Mwongo weye."

"Haki ya Mungu! Mama aliishona, ya kitambaa. Farasi mia na arobaini na tano."

"Farasi gani tena? Ilikuwa na viti vingapi?"

"Viwili."

Nilisikia pikipiki ikipita huko kwao.

"Kimoja ulikaa weye," akasema. "Na cha pili mama."

"Hapana. Cha pili alikaa mzee mwenyewe, ndiye anajua kuendesha."

"Na mama?"

"Mama alibaki chini."

"Alibaki?"

"Alibaki, Yaya. Alisema yeye ndiye wa kubaki. Nilipokuwa juu nilimwona. Hakusogea hata kidogo. Aling'oa nyasi."

Kando yangu mama alikuwa ameacha kupumua. Mwenye kontena alinyoosha shingo kutazama dakika zetu, nikamgeuzia mgongo. Upande ule kuku walikuwa wananung'unika, na kwa muda nilidhani simu imewekwa mezani.

"Yaya? Upo?"

"Nipo," Neema akasema. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo, kama ya mtu wa umri wangu. "Nipatie mama."

Nilimpa. Mama alifuta mkono kwenye kitenge kwanza, upande wa mbele na wa nyuma, ndipo akaipokea.